Misiba Mitatu ya Mwaka 1971

Ukiwauliza wazee wa Iringa na Mbeya waliosoma katika shule za misioni ni miji gani ya ng'ambo waliyoijua kwanza, wengi hawatataja London wala Paris. Watataja Korintho, Thesalonike na Filipi. Majina hayo waliyajua kabla hawajaijua ramani ya nchi yao wenyewe, na hata sisi tuliozaliwa nyuma yao tuliyapokea hivyo hivyo, kana kwamba ni miji isiyo na soko, wala polisi, wala uwanja wa mpira. Ilitupasa kukua ndipo tutambue kwamba miji hiyo ilikuwa duniani, katika nchi ya Uyunani, ambayo siku hizi twaiita Ugiriki. Na kwamba watu wa nchi hiyo hupiga kura, hufungwa gerezani, hushangilia magoli na huwazika wafu wao kama sisi.

Wengine walimjua Mgiriki kwa njia iliyo karibu zaidi. Katika Nyanda za Juu Kusini, walowezi wa Kigiriki walikuwa miongoni mwa wakulima wa tumbaku wa Iringa, na wazee wa huko bado wayakumbuka mabani ambamo tumbaku ilikaushwa kwa moto wa kuni usiku na mchana. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wengi wao waliondoka. Hata hivyo Kanisa lao la Kiorthodoksi limebaki nchini, na askofu wake mkuu huitwa wa Irinoupolis. Mtu wa Iringa akilisikia jina hilo hudhani kwamba mkoa wake umetajwa. Kumbe maana yake kwa Kigiriki ni Mji wa Amani, yaani Dar es Salaam.

Leo twapenda kuutazama mwaka mmoja tu, mwaka 1971, kwa kuziweka pamoja habari za Ugiriki na habari za kwetu. Tumeuchagua mwaka huo kwa sababu maalumu. Ulikuwa mwaka wa siasa nzito, wa michezo iliyowafurahisha watu, na wa misiba ambayo haikwisha siku ya maziko. Tena msiba mmoja katika hiyo ulitokea kwetu Iringa, nasi twaamini kwamba funzo lake halijazeeka.

HABARI ZA SIASA

Mwaka ulianza vibaya kwa Afrika ya Mashariki. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote wa Uganda akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi lake lilimpindua, na Idi Amin akashika serikali. Obote akapata hifadhi Dar es Salaam. Tanzania ilikataa kuitambua serikali iliyozaliwa na bunduki.

Mwezi uliofuata, Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa waraka ulioitwa Mwongozo. Wengi walioukumbuka baadaye waliukumbuka kwa maneno yake juu ya ubeberu na ulinzi wa taifa. Lakini waraka ule ulikuwa na sehemu nyingine iliyowahusu viongozi wenyewe. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi asiwe na majivuno, wala ubadhirifu, wala dharau, wala uonevu kwa watu anaowaongoza. Ibara ya 28 ilieleza kwamba maendeleo yakiwa ni ya watu, basi watu wenyewe hawana budi kushiriki katika kuyafikiri, kuyapanga na kuyatekeleza. Msomaji na aziweke ibara hizo mbili moyoni, maana tutazirudia.

Mwezi wa Aprili Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000. Tarehe 25 Oktoba Umoja wa Mataifa uliirudishia China kiti chake, na balozi wetu, Ndugu Salim Ahmed Salim, alikuwa miongoni mwa walioshangilia waziwazi katika ukumbi ule wa New York. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini jambo hilo halikuwa habari ya mbali. Wachina walikuwa wamekwisha kuanza kutujengea Reli ya Uhuru, na mwaka huo njia ilifika Mlimba. Mbele yao ilikuwako milima ya kuelekea Makambako, mahali palipohitaji mahandaki na madaraja mengi kuliko sehemu yoyote ya safari ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Mbeya ilikuwa ikilingoja garimoshi kama mtu angojavyo mvua. Halafu tarehe 9 Desemba taifa likatimiza miaka 10 ya Uhuru.

Na Ugiriki? Nchi hiyo, ambayo wasomi husema ndiyo iliyoupa ulimwengu jina la demokrasia, ilikuwa mwaka wa nne chini ya wanajeshi. Tarehe 21 Aprili 1967 makanali, wakiongozwa na Georgios Papadopoulos, waliingiza vifaru mjini Athens na kutwaa serikali. Mfalme Constantine alijaribu kuwapinga Desemba mwaka huo, akashindwa, akakimbia. Wapinzani walifungwa, wengine walipelekwa visiwani, wengine wakateswa. Nyimbo za mtunzi Mikis Theodorakis zilipigwa marufuku kwa amri ya jeshi. Oktoba 1971 Makamu wa Rais wa Marekani, Spiro Agnew, ambaye baba yake alitoka Ugiriki, aliizuru nchi hiyo, na makanali wakamkaribisha kwa shangwe. Papadopoulos alipenda kuilinganisha nchi na mgonjwa aliyefungwa bendeji, na nafsi yake na daktari. Daktari huyo hakumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

MICHEZO

Basi watu walio katika dhiki hawaachi kucheza. Mwaka huo klabu ya Panathinaikos ya Athens ilifanya jambo ambalo hakuna klabu ya Kigiriki iliyolifanya kabla yake, wala baada yake: ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mwalimu wao alikuwa Ferenc Puskás, Mhungaria aliyevuma sana katika siku zake za uchezaji. Waliwatoa Everton wa Uingereza. Katika nusu fainali walikwenda Belgrade wakafungwa na Red Star magoli 4 kwa 1, watu wakawahesabu kuwa wamekwisha. Waliporudi kwao wakashinda 3 kwa 0, na lile goli moja la ugenini likawavusha. Tarehe 2 Juni 1971 walisimama Wembley mbele ya Ajax ya Uholanzi, wakafungwa 2 kwa 0. Mshambuliaji wao, Antonis Antoniadis, aliongoza kwa magoli katika mashindano yale, naye alikuwa amefunga 10. Ajax walipokataa kwenda kupambana na mabingwa wa Amerika ya Kusini, Panathinaikos walikwenda badala yao; walitoka sare 1 kwa 1 na Nacional ya Uruguay huko kwao, kisha tarehe 28 Desemba wakafungwa 2 kwa 1 mjini Montevideo.

Kwetu nako, Yanga ilitwaa ubingwa kama ilivyofanya kila mwaka tangu 1968, na wapinzani wao wa Dar es Salaam wakaliacha jina la kigeni la Sunderland wakajiita Simba. Sisi wa mikoani tulikuwa watu wa kusikiliza redio. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1986 ndipo Tukuyu Stars wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, waliponyakua ubingwa wa Bara na kuupandisha milimani. Aliyekuwako Tukuyu siku zile aweza kufahamu vizuri furaha ya Mgiriki wa mwaka 1971 kuliko mtu wa mji mkubwa aliyezoea vikombe.

Hatuwalaumu watu wanaoushangilia mpira chini ya serikali mbaya. Furaha ya mnyonge ni haki yake. Twasema tu kwamba mtawala asidanganyike akaidhani kelele ya uwanjani kuwa ndiyo sauti ya watu. Sauti yenyewe yaweza kuja kutokea mahali pengine, nayo kwa kawaida huja penye msiba.

MSIBA WA KWANZA

Mwishoni mwa Machi 1971 mwili wa Kabaka Mutesa wa Pili ulirudishwa Uganda. Mutesa alikuwa amefukuzwa katika jumba lake mwaka 1966, akafa London mwezi wa Novemba 1969, akazikwa huko ugenini. Amin, ambaye mwenyewe ndiye aliyeliongoza jeshi lililomfukuza Kabaka, aliwaletea Waganda mwili wa mfalme wao, nao wakamzika Kasubi kwa heshima zote za jadi. Waganda wengi walilia kwa uchungu wa kweli, na wengi wakamshukuru Amin.

Hapa twaona namna ya kwanza ambayo mtawala aweza kuutumia msiba: kuwanunua walio hai kwa maiti yao. Shukrani ile haikudumu. Yaliyofuata katika Uganda kwa miaka minane kila mtu ayajua, na vijana wa Mbeya na Iringa walikuwamo katika jeshi lililovuka Kagera na kuingia Kampala mwezi wa Aprili 1979.

MSIBA WA PILI

Tarehe 20 Septemba 1971 alifariki mjini Athens mshairi Giorgos Seferis, aliyezaliwa mwaka 1900 karibu na Smyrna, mji ambao leo umo katika Uturuki. Hakuwa mtu wa vurugu. Alikuwa mwanadiplomasia wa maisha yake yote, na kwa miaka kadhaa balozi wa nchi yake mjini London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipoiteka Ugiriki, aliifuata serikali yake uhamishoni, na kwa muda alifanya kazi Afrika ya Kusini. Mwaka 1963 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi, Mgiriki wa kwanza kuipata.

Makanali walipotwaa nchi, Seferis alinyamaza karibu miaka miwili. Kisha tarehe 28 Machi 1969 sauti yake ilisikika katika redio ya BBC. Alisema kwa maneno machache kwamba utawala wa namna ile huishia katika maangamizi, na kwamba kadiri unavyodumu ndivyo uovu unavyozidi. Serikali ilimnyang'anya heshima ya ubalozi na pasi yake ya kidiplomasia.

Siku ya kumzika, 22 Septemba, maelfu ya watu, na wengi wao vijana, waliufuata mwili wake katika njia za Athens. Njiani wakaanza kuimba. Waliimba shairi lake mwenyewe la ujanani, lililotiwa muziki na Theodorakis, yule mtunzi aliyepigwa marufuku. Shairi lenyewe halikutaja serikali wala gereza. Lilikuwa la pwani, la kiu na la maisha yaliyopita. Lakini kila aliyeimba alijua anaimba nini, na kila polisi aliyesikia alijua pia. Serikali iliyoweza kufunga vyama, magazeti na mabunge haikuweza kulifunga jeneza. Miaka miwili baadaye, Novemba 1973, wanafunzi walisimama katika Chuo cha Ufundi cha Athens na vifaru vikavunja lango lao. Na mwezi wa Julai 1974 utawala wa makanali ukaanguka.

MSIBA WA TATU

Sasa twarudi nyumbani, na hapa kalamu yetu yawa nzito.

Kaskazini ya mji wa Iringa, katika njia iendayo Dodoma, iko tarafa ya Isimani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili nchi ile ilikuwa na watu wachache sana. Baada ya vita watu wakaifyeka, na katika miaka ya 1950 matrekta yakaingia, mahindi yakastawi, malori yakapanga foleni. Isimani ikawa ghala. Lakini pamoja na ghala likaja jambo jingine: wachache walishika mamia ya ekari, na wengi wakawa vibarua wao au wapangaji wa vipande vya ardhi. Kwa hiyo chama kilipopeleka siasa ya vijiji vya ujamaa Isimani, hakikubuni tatizo lisilokuwako. Kibarua wa Isimani alikuwa na kilio cha kweli.

Na mwenye shamba je? Yeye naye alikuwa na neno lake. Hakuwa mlowezi aliyepewa ardhi na gavana. Alikuwa Mwafrika aliyelivunja pori kwa jasho lake na la watoto wake, akazika ndugu zake katika ardhi ile ile, kisha akaambiwa kwamba shamba si lake tena. Huenda angeshawishika, huenda asingeshawishika. Lakini alitaka kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Mkuu wa Mkoa wa Iringa alikuwa Dk. Wilbert Klerruu, msomi wa shahada ya juu kabisa, aliyewahi kuwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara. Hata waliompinga hawakumshitaki kwa uvivu wala kwa tamaa ya mali. Aliiamini siasa aliyoihubiri, akaisukuma kwa nguvu zake zote mchana na usiku. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, watu wengine wakiwa mezani na jamaa zao, yeye alikwenda Mkungugu, huko Isimani. Alimkuta mkulima Said Mwamwindi shambani mwake. Maneno yakapita kati yao, yakawa makali. Mwamwindi akatwaa bunduki, akampiga risasi, akamwua. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu, akauendesha mpaka kituo cha polisi cha Iringa, akajisalimisha.

Mwaka 1972 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Onyiuke, ilimwona Mwamwindi kuwa na hatia ya kuua kwa kusudia, akahukumiwa kifo. Jina la Dk. Klerruu limebaki katika Chuo cha Ualimu cha Kleruu mjini Iringa. Wasafiri wa njia ya Dodoma wangali huonyeshwa mahali alipouawa.

TUJIFUNZE NINI

Msomaji asije akatudhania kwamba twailinganisha TANU na makanali wa Athens. Makanali walikuja na vifaru usiku. TANU ilikuja kwa kura na kwa mapenzi ya watu. Wala hatusemi kwamba Mwamwindi alikuwa na haki ya kuua. Damu ya mtu haina bei, na mke wa Dk. Klerruu hakuolewa na siasa, aliolewa na mtu. Aliyemnyima mume wake alitenda dhambi mbele ya Mungu na hatia mbele ya sheria.

Lakini gazeti la chama likiishia hapo halijatimiza kazi yake. Yatupasa tuulize: ni kitu gani kilichowafikisha watu wawili, Waafrika wote wawili, raia wa nchi moja huru, mahali ambapo katikati yao halikubaki neno lolote ila risasi? Miezi kumi tu kabla ya Krismasi ile chama kilikuwa kimekwisha kuandika dawa yenyewe. Ibara ya 15: usidharau. Ibara ya 28: washirikishe. Dawa ilikuwa katika chupa, chupa ilikuwa kabatini, na ugonjwa ulikuwa Isimani.

Na baada ya msiba, je, tulisikia? Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wawe wamehamia. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa malori na kwa nguvu, wengine wakiyaacha mazao shambani. Ukame ulipoungana na vurugu ile, katika miaka ya 1974 na 1975 nchi yenye ghala la Isimani ilinunua chakula kwa wingi kutoka ng'ambo. Zilikuwako faida, nasi hatuzifichi: shule, zahanati na maji viliwafikia wengi ambao kabla ya hapo wasingefikiwa. Lakini mwalimu mwema hujua kwamba somo jema likifundishwa kwa bakora, mtoto hukumbuka bakora.

Twasema haya kwa sababu ardhi bado ni jambo la uchungu katika mikoa yetu. Huko Mbarali, mkoani Mbeya, wakulima na wafugaji wa bonde la Usangu wamekaa miaka mingi katika mashaka juu ya mpaka wa Hifadhi ya Ruaha, tangu lilipotoka Tangazo la Serikali Namba 28 la mwaka 2008. Upande mmoja kuna mto Ruaha Mkuu, ambao ukikauka taifa zima litaumia. Upande wa pili kuna watu wenye mashamba ya mpunga, mifugo, shule na makaburi. Kila upande una hoja, na si kazi ya makala haya kukata shauri. Lakini kila kiongozi apandaye gari kwenda katika kijiji cha namna hiyo, yampasa aukumbuke ule mwendo wa Mkungugu. Ashuke garini. Aketi. Aulize kwanza, kisha aseme.

Wazee wetu walitufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi twaikubali methali hiyo. Mwaka 1971 watufundisha upande wake wa pili. Amin aliwaona watu wakilia Kasubi akadhani wamekuwa wake. Makanali waliwasikia watu wakiimba Athens wakaita polisi. Sisi, tuliokuwa na siasa njema kuliko wote hao, na maandishi mema kuliko wote hao, tulimpoteza kiongozi mwenye bidii na mkulima mwenye bidii kwa jambo ambalo pengine lingezungumzika chini ya mti kwa siku mbili au tatu.

Mkuu asiyesikia la mdogo, naye huvunjika. Tena havunjiki peke yake.